KOMPYUTA ISIPIME JASHO LETU KABLA YA KUSIKIA MIFANO YETU

Zamani aliyetupunja alikuwa na uso. Kapita akikuandikia siku tano badala ya sita ulimjua, ulimfuata, na kama hakusikia ulikuja tawini tukaenda pamoja kwa mkubwa. Buku lilikuwa pale mezani, kosa likaonekana, likafutwa. Leo mambo yamegeuka. Unakwenda kwa mhasibu kuuliza siku yako iliyopotea, naye anakujibu kwa upole kabisa: "Mimi sijui, ndugu yangu. Kompyuta ndivyo inavyosema."

Mimi nilisoma mpaka darasa la sita. Nilianza kazi kwa kuanika kahawa, na sijui kuandika hata mstari mmoja wa programu. Lakini leo nataka kusema juu ya jinsi ya kuwafundisha wale wanaoziandika, kwa sababu kwa miaka michache hii nimejifunza kwamba shule yao inatuhusu. Kijana akifundishwa vibaya, mshahara unaopotea si wake. Ni wako.

MLINZI AMBAYE HAFIKI KAZINI

Mwaka 2021, katika kiwanda kimoja hapa Gitega, wafanyakazi walipokea kwa mara ya kwanza mshahara uliohesabiwa na kompyuta. Watu wa mchana walipata chao kamili. Watu wa zamu ya usiku walilia. Yule aliyefanya juma moja la mchana na majuma matatu ya usiku alilipwa lile juma moja tu. Majuma mengine kompyuta iliandika kwamba hakuja.

Tulikaa siku mbili na makaratasi mpaka tukaona kisa chake. Programu ilitaka mtu aingie na kutoka katika tarehe moja. Mlinzi aliingia Jumatatu saa kumi na mbili jioni, akatoka Jumanne saa kumi na mbili asubuhi. Jumatatu ilionyesha kuingia bila kutoka, basi siku ikafutwa. Jumanne ilianza kwa kutoka na ikaisha kwa kuingia tena, nayo ikafutwa. Kwa hesabu hiyo mlinzi wa usiku hafiki kazini maisha yake yote, hata akifa akiwa ameshika tochi yake getini.

Tulimwita kijana aliyeitunga programu ile. Wenzangu walitaka kumkaripia. Alipofika tulikuta ni mtoto wa watu, mwenye adabu, aliyesoma kwa bidii, na wala hakuwa mwizi. Alitutolea karatasi aliyopewa na ofisi. Iliandikwa hivi: programu ihesabu siku za kazi kwa usahihi. Basi, hayo tu. Akasema, "Wazee wangu, hakuna aliyeniambia kuwa kuna watu wanaoingia leo na kutoka kesho."

Ndugu zangu, maneno hayo yamebaki moyoni mwangu. Neno "usahihi" si mfano. Kila mtu analikubali, na kila mtu analielewa kwa namna yake. Lakini kama mlinzi mmoja angeketi na kijana yule kwa nusu saa tu, akamwambia, "Mimi naingia Jumatatu jioni na kutoka Jumanne asubuhi, uniandikie siku moja," fedha ile isingepotea.

NJIA YA KUANZIA NA MWENENDO

Baadaye kijana yule alinieleza kwamba wataalamu wenyewe wanayo njia ya kuzuia balaa hilo. Huiita kwa kifupi BDD, na maana yake ni kuitunga programu kwa kuanzia na mwenendo wake, yaani jinsi inavyotakiwa kutenda mbele ya mtu, kabla ya kufikiria matumbo ya mashine.

Chanzo cha njia hii ni darasani, na ndiyo maana nimeipenda. Mtaalamu mmoja wa Uingereza, Dan North, alikuwa akiwafundisha wenzake kuandika majaribio ya programu kabla ya programu yenyewe. Akaona wanafunzi wanauliza maswali yale yale kila mahali: tuanzie wapi, tujaribu nini, tuache nini. Kwanza angeweza kusema kwamba ni wazito wa kichwa. Hakufanya hivyo. Aliona kwamba neno lenyewe "jaribio" ndilo lililowapotosha, akaanza kutumia neno "mwenendo", na wanafunzi wakafunguka. Mwishoni mwa mwaka 2004, yeye na mwenzake Chris Matts wakapata namna ya kuandika kila mfano kwa sehemu tatu, na mwaka 2006 akaeleza mambo hayo katika makala.

Sehemu zenyewe ni hizi. Ya kwanza inasema hali ilivyo. Ya pili inasema jambo linalotokea. Ya tatu inasema kinachopaswa kuonekana. Kwa lugha yetu: Ikiwa, Inapotokea, Basi. Tazama mfano wa mlinzi wetu:

Ikiwa mlinzi ameingia Jumatatu saa kumi na mbili jioni;
Inapotokea ametoka Jumanne saa kumi na mbili asubuhi;
Basi aandikiwe zamu moja ya usiku, na asiandikwe kuwa hakuja.

Ni nani kati yetu asiyeweza kusoma maneno hayo? Ni nani asiyeweza kusema "ndivyo" au "sivyo"? Hapo ndipo nguvu yake ilipo. Karatasi ile ile ambayo mfanyakazi anaisoma ndiyo mtunga programu anaifuata, na mwishowe mashine yenyewe inasomeshwa maneno hayo ili ijikague. Viko vyombo vya kazi hiyo, kama kile kiitwacho Cucumber kilichotoka mwaka 2008. Kila programu ikibadilishwa, mifano yote inapitishwa upya. Aliyekuja kurekebisha jambo la likizo, akiharibu zamu ya usiku bila kujua, mfano wa mlinzi utapiga kelele kabla ya siku ya mshahara kufika.

DARASA LILILOANZA NA MASHINE

Kijana yule alinialika mwaka uliofuata kwenye mafunzo ya vijana wenzake hapa Gitega. Walikuwa kumi na wanane, kila mmoja na kompyuta yake. Nilikaa nyuma nikatazama.

Mwalimu wao alikuwa mjuzi, sikatai. Lakini alianza na chombo. Siku ya kwanza yote walikuwa wakikiweka chombo ndani ya kompyuta, umeme ukikatika wanaanza upya. Siku ya pili waliambiwa waandike mifano, wakaandika hivi: Ikiwa mtumiaji yupo, Inapotokea amebonyeza, Basi mfumo ufanye kazi vizuri. Walikuwa wameshika maneno matatu kama kasuku, na ndani yake hamna kitu.

Niliruhusiwa kuuliza swali. Nikauliza, "Huyu mtumiaji anaitwa nani? Ana watoto wangapi? Mwezi uliopita alilipwa faranga ngapi, na alitegemea ngapi?" Vijana wakacheka. Mwalimu hakucheka. Aliniomba nirudi kesho yake na mtu ambaye kweli anahesabiwa na mashine.

Nikarudi na mlinzi wetu. Aliketi mbele, kofia yake magotini, na vijana wakaambiwa wafunge kompyuta zote. Karatasi na kalamu tu. Mlinzi akasema, "Nilianza saa mbili." Kijana mmoja hodari akaandika upesi: 2:00. Mwenzake akamwambia, "Wewe, mzee anasema saa mbili ya usiku, kompyuta yako itaandika 20:00." Wa tatu akauliza kama si saa mbili asubuhi. Darasa zima likanyamaza. Watoto hawa wamezaliwa hapa hapa, na nyumbani kwao wanahesabu saa kama sisi, lakini walipofungua kompyuta walisahau lugha ya mama zao. Nasema kwamba katika saa ile moja walijifunza zaidi kuliko katika siku mbili za chombo.

TUKAENDA MUYINGA

Mwalimu alipoona hivyo akakubali jambo ambalo nililisihi: tuwapeleke vijana mahali pa kazi. Msimu wa kahawa ulikuwa umeanza. Tulipita njia ya Karusi, tukafika Muyinga, kwenye kituo kimoja cha kuoshea kahawa ambapo mwajiri alikuwa anafikiria kuweka mizani yenye kompyuta. Walipangwa watatu watatu: mtunga programu mmoja, mtu wa ofisi mmoja, na mama mmoja wa kuchambua kahawa kwenye vitanda vya kuanikia. Wataalamu wanasema mazungumzo haya yanataka pande tatu, yaani anayetaka kazi ifanyike, anayeitunga, na anayetafuta makosa yake. Sisi tuliona kwamba katika kutafuta makosa hakuna anayemshinda mama ambaye makosa hayo yamewahi kumlaza na njaa.

Walitumia karatasi za rangi nne. Ni utaratibu uliotolewa mwaka 2015 na Matt Wynne, mmoja wa watu wa Cucumber. Karatasi ya njano ni kazi yenyewe, ya buluu ni kanuni, ya kijani ni mfano, na nyekundu ni swali lisilo na jibu. Nilitaka kuona nyekundu zitakuwa ngapi.

Kazi ya njano ilikuwa kumlipa mchambuzi kwa kipande. Kijana akaandika mfano wake, akaona amemaliza. Mama akamwuliza, "Na umeme ukikatika?" Basi wakaandika:

Ikiwa kipande cha siku ni kilo 40, na mama amekwisha kupima kilo 26;
Inapotokea umeme umekatika saa sita mchana na mizani imezimika;
Basi umeme ukirudi zile kilo 26 ziwepo, na kilo za jioni ziongezwe juu yake, zisianze sifuri.

Kijana akafurahi. Mama akauliza tena, "Na usiporudi mpaka jioni?" Kijana akafungua mdomo kujibu, halafu akaufunga. Akachukua karatasi nyekundu. Hapo nikajua kwamba amefundishika. Maana swali la nani abebe hasara ya umeme si swali la mtunga programu. Ni swali la mwajiri na chama, kwenye meza ya mapatano. Kijana ambaye hajafundishwa angelijibu mwenyewe usiku, peke yake, kwa kubahatisha, na jibu lake lingekuwa sheria yetu.

Mama mwingine akasema, "Hapa tupo akina Nduwimana wawili." Fomu ya ofisi ilitaka jina la ukoo, kana kwamba sisi ni Wazungu, ambapo baba na watoto wanashika jina moja. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake, na akina Nduwimana wamejaa kila mlima. Kilo za mmoja zitaandikwa kwa mwingine. Kijani moja zaidi. Wa tatu akauliza, akitoka kwenda kumnyonyesha mtoto, mizani itamkata saa ile? Mtu wa ofisi akasema hajui. Mama akamkumbusha kwamba jambo hilo liliandikwa katika mapatano yao, na mtu wa ofisi akaona haya.

Jioni ile zilihesabiwa nyekundu kumi na moja. Hakuna hata mstari mmoja wa programu ulioandikwa, na mwalimu akasema hajapata kuona siku ya masomo yenye faida kama ile. Ndipo siku iliyofuata akawafungulia kile chombo. Walikishika kwa asubuhi moja, kwa sababu sasa walikuwa na kitu cha kutia ndani yake.

MAMBO HAYA SI YA BURUNDI PEKE YAKE

Asije mtu akasema kwamba ni ushamba wetu. Huko Uingereza, Posta iliweka mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Kati ya mwaka 1999 na 2015 wasimamizi wa posta ndogo ndogo zaidi ya 900 walihukumiwa kama wezi, wengine wakafungwa. Walisema hawakuiba, wakajibiwa kwamba kompyuta ndivyo inavyosema. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya London ilikubali kwamba mfumo ulikuwa na makosa, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta hukumu zile. Huko Kanada, serikali ilianza mwaka 2016 kuwalipa watumishi wake kwa mfumo uitwao Phoenix, na makumi ya maelfu ya watu wakalipwa pungufu, au kupita kiasi, au wasilipwe kabisa. Hizo ni nchi tajiri, zenye wataalamu wa kumwaga.

Tutazame na mfano mwema. Huko Norwei alikuwapo Kristen Nygaard, ambaye pamoja na Ole-Johan Dahl walitunga katika miaka ya 1960 lugha ya kompyuta ya Simula, ambayo lugha nyingi za leo zimechota kwake. Mtu wa namna hiyo angeweza kukaa na wakubwa tu. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali, akaandika pamoja na mwenzake vitabu vya kufundishia wanachama, na mwaka 1975 shirikisho la vyama na waajiri wa nchi ile wakatia sahihi mapatano juu ya kompyuta kazini. Fundi mkuu alikubali kufundisha na kufundishwa na watu wa karakana. Je, sisi tutaogopa nini?

WANAOPINGA WANASEMA NINI

Wako wenzetu katika chama wanaosema: hiyo ni kazi ya mwajiri, kwa nini tumsaidie kutengeneza mashine ya kutuhesabu? Nawajibu kwamba mashine itakuja, tusaidie tusisaidie. Tofauti ni kama itakuja ikiwa imesikia habari ya zamu ya usiku au haijasikia. Kudai baada ya mshahara kupotea ni kazi ya miezi mitatu, na watoto hawali madai.

Wako pia wataalamu wanaosema kwamba wafanyakazi hawakusoma, watapoteza muda wa darasa. Nawauliza: ninyi mliosoma, mlijua akina Nduwimana ni wawili?

Lakini lazima niseme na upande wa pili, nisije nikawauzia dawa ya kila ugonjwa. Njia hii haiongezi mshahara hata faranga moja. Kanuni ikiwa ya dhuluma, programu itaitekeza dhuluma hiyo bila kukosea, kila siku, bila kuchoka. Mifano inatuonyesha kanuni ilivyo. Kuibadilisha ni kazi ya mapatano na umoja wetu. Tena iko hatari nyingine: mifano ikiandikwa siku moja na kufungiwa kabatini, inakuwa kama picha ya harusi. Kazi hubadilika, na mifano haina budi kusomwa tena pamoja na wahusika.

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, kwa wale wanaofundisha vijana utunzi wa programu, Gitega au popote: msianze na chombo. Anzeni na mtu na siku yake ya kazi. Mkataeni mwanafunzi anayeandika "vizuri" na "kwa usahihi", atoe kilo, saa, faranga na jina. Msimpe alama kwa wingi wa mifano ya kijani tu, mpeni pia kwa maswali mekundu aliyoyaona. Na kabla ya kumruhusu aguse mashine, amsomee mfano wake mtu wa kazi kwa sauti. Mtu huyo akisema "sivyo", kijana arudi kuandika.

Pili, kila tawi lifungue daftari la mifano. Kila mara mtu akipunjwa na kompyuta, kisa chake kiandikwe kwa Ikiwa, Inapotokea na Basi. Leo tunalo daftari la namna hiyo, na mfano wa kwanza ndani yake ni ule wa mlinzi.

Tatu, kila mwajiri anapotaka kuleta mashine ya kupima au kulipa, tudai kuona mifano kabla ya kuona mashine, na wachaguliwe wafanyakazi wa kukaa na watunga programu, katika saa za kazi, kwa mshahara wao kamili. Kufundisha nako ni kazi.

Kijana wa kwanza, yule wa kosa la usiku, sasa ndiye anayewafundisha wengine. Nimesikia kwamba huanza kila darasa kwa swali moja: "Mlinzi ameingia Jumatatu jioni, ametoka Jumanne asubuhi. Mwandikieni siku ngapi?" Halafu hunyamaza akawaacha wabishane.

Ndugu Wafanyakazi, kuuliza si ujinga. Tuwafundishe watoto wetu kutuuliza, nasi tuwe tayari kujibu.

Umoja ni nguvu!